Malaika: ni "hukuwaza kidege" au "nakuwaza kidege"? Na toleo la nani tulifuate?

Nansio_Kwetu
Wakuu, salaam. Mwezi ujao wazazi wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa, na shughuli tunaifanya nyumbani Ukerewe. Mzee ameomba kitu kimoja tu: bendi ipige Malaika. Bendi tumeipata hapa Mwanza, vijana wa Nyegezi, kazi wanaijua. Juzi kwenye mazoezi mwimbaji kafika ubeti wa kidege, kaimba "nakuwaza kidege". Mzee alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya fimbo. Akanyanyua mkono mmoja, bendi ikanyamaza. "Siyo nakuwaza. Hukuwaza." Mama akamjibu palepale kwamba tangu usichana wake anasikia nakuwaza, na kwamba mzee mwenyewe alipokuwa anamwimbia ilikuwa nakuwaza. Mazoezi yakasimama karibu nusu saa.

Nimesikiliza matoleo mtandaoni mpaka saa nane usiku na sasa siamini hata masikio yangu. Nisaidieni. Neno sahihi ni lipi, na bendi ifuate toleo la nani?

Igoma_Stendi
Fuata la Miriam Makeba. Ndiye mwenye wimbo, wengine wote wameiga.

Mwl_Sengerema
Hapana mkuu, tusianze uzi kwa kosa. Makeba aliupeleka wimbo duniani, lakini siyo wake. Aliyeurekodi wa kwanza ni Fadhili William wa Kenya, Mtaita, na kundi lake la Jambo Boys, kisha akaurudia kwa kampuni ya Equator pale Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960. Makeba aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965.

Igoma_Stendi
Nimekuelewa mwalimu, asante. Si ndiyo hiyo Malaika iliyopata Grammy?

Mwl_Sengerema
Albamu nzima ndiyo iliyopata, mwaka 1966. Malaika ni wimbo mmoja ndani yake.

SanturiZaKale
Kwa anayetaka kulinganisha, mimi ninayo matano na nimeyasikiliza miaka mingi.

La Fadhili William ni gitaa za umeme, mwendo wa kuchezeka, na kijana anayeimba kama anaongea na mtu aliye mbele yake. Halii. Anaeleza shida yake. La Makeba na Belafonte ni taratibu, sauti mbili zinapokezana na kuungana, ukilisikiliza usiku peke yako linakushika. Kuna la The Hep Stars wa Sweden la 1967, bendi aliyokuwemo Benny Andersson kabla ya ABBA. Kuna la Boney M, disko. Na la Angélique Kidjo wa Benin kwenye albamu ya Logozo, 1991, ambalo anaimba polepole sana, sauti imeachwa wazi kabisa, hana pa kujificha.

Kwa shughuli ya wazee sitampa mtu disko. Ningewapa bendi mwendo wa Fadhili. Mzee wa miaka 50 ya ndoa anataka kucheza na mkewe, na kwenye lile la Makeba huwezi kucheza, unaweza kukaa tu na kukumbuka.

Capri_1980
Hilo la Boney M la 1978 usiliseme vibaya mkuu, ndilo nililokulia nalo.

SanturiZaKale
Sijalisema vibaya. Ila ni la 1981, lilitoka mwaka mmoja na albamu yao ya Boonoonoonoos.

Binti_Kirumba
Turudi kwenye swali. Mimi naimba kwaya na harusi zinaniita. Hapa mjini bendi nyingi zinaimba "nakuwaza", na sababu naiona mimi: "nakuwaza" inaeleweka mara moja. Ukisimama mbele ya watu 300 ukaimba "hukuwaza", nusu yao wanadhani unamlaumu bibi harusi kwamba hakukuwaza.

Mwl_Sengerema
Binti_Kirumba umegusa penyewe. "Hukuwaza" ina sura mbili. Ya kwanza ni hu- ya mazoea, ile ya "mimi husoma, sisi husoma", haibebi nafsi. Hu-ku-waza: mimi kila siku hukuwaza wewe. Ya pili ni kanushi ya wakati uliopita: wewe hukuwaza, yaani hukufikiri. Herufi kwa herufi zinafanana. Kwangu mimi ni ya mazoea. Angekuwa anamlaumu kwamba hakumuwaza, angesema "hukuniwaza".

Kinanda_Pasiansi
Mwalimu, hesabu mizani. Hu-ku-wa-za ni nne. Hu-ku-ni-wa-za ni tano, haiingii kwenye muziki pale. Mtunzi anaweza kuwa alitaka lawama lakini "ni" ikamshinda nafasi, akaiacha. Washairi hufanya hivyo kila siku. Na lawama inakaa vizuri kabisa pale: nakupenda, sina mali, nawe kidege hukuwaza hata kidogo hali yangu.

Mwl_Sengerema
Hoja nzuri. Lakini hiyo hesabu inatukatalia pia kuamua kwa muziki, kwa sababu na-ku-wa-za nayo ni nne. Sauti inakubali zote.

Kinanda_Pasiansi
Ndiyo maana zote zimeishi.

Dunga_Kisumu
Habari zenu majirani, nawasalimu kutoka ng'ambo ya ziwa. Kwetu kila hoteli ya watalii ina bendi inayopiga Malaika, na nimesikia hata "huku, waza": yaani njoo huku, waza upande huu. Mzee mmoja mpiga gitaa alinishikilia kabisa kwamba ndiyo maana yenyewe. Kidege kinaruka ng'ambo, kijana anakiita huku.

Mwl_Sengerema
Hiyo mpya kwangu. Sikubaliani nayo lakini nitaifikiria.

Mzee_wa_Magu
Vijana, mnagombania kidege mnaacha ng'ombe.

Neno la wimbo huu ni "mali sina". Sisi Wasukuma hatukuhitaji mwalimu kutufafanulia. Mimi nilioa 1974. Baba mkwe alitaja ng'ombe, baba yangu alikuwa nao nusu yake. Nusu nyingine nilisubiri misimu miwili ya pamba. Misimu miwili, msichana yuko kwao Kisesa, na kila mwenye ng'ombe anapita pale nyumbani kuulizia. Redio ya jirani ikipiga Malaika nilikuwa natoka nje. Sikuweza kukaa ndani. Pesa zasumbua roho yangu: huyo aliyeandika alikuwa amesimama nje ya nyumba ya mtu, hakubuni.

Kwa hiyo nakuwaza, hukuwaza, kwangu ni mamoja. Nilikuwa nawaza mchana na usiku.

Nansio_Kwetu
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Je, ulimpata?

Mzee_wa_Magu
Marahaba. Yuko jikoni anasonga ugali.

Binti_Kirumba
Shikamoo babu. Nitakukumbuka kila nikiuimba.

Igoma_Stendi
Ila jamani, kuna jambo linanisumbua siku nyingi. Makeba mwanamke, Kidjo mwanamke, na wote wanaimba "ningekuoa malaika". Mwanamke anaoa? Kwa Kiswahili mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa.

Capri_1980
Wageni hao mkuu, Kiswahili siyo lugha yao. Walipokea maneno kama yalivyo.

SanturiZaKale
Sikubali kwamba ni ugeni tu. Mwimbaji hubeba maneno ya mwenye shida. Kwenye taarabu mbona wanaume wanaimba mashairi ya wanawake na wanawake ya wanaume, na hakuna anayeuliza? Makeba anapoimba "ningekuoa" mimi naona anatuletea kilio cha kijana yule, kama mjumbe.

Binti_Kirumba
Mimi mwanamke na hulibadilisha neno hilo. Naimba "ungenioa malaika". U-nge-ni-o-a, tano. Ni-nge-ku-o-a, tano. Inakaa bila kuvuta wala kubana. Na wimbo unageuka wote: sasa ni msichana anamwambia kijana, ungenioa, najua, ila mali huna. Siku ya kwanza nimeimba hivyo, Buswelu, mama mmoja meza ya mbele alilia mpaka akatolewa nje.

Kinanda_Pasiansi
Hiyo nimeipenda sana. Lakini basi "nashindwa na mali sina" unaifanyaje?

Binti_Kirumba
Naiacha kama ilivyo. Msichana naye mali hana.

Mwl_Sengerema
Hapo umenifunga mdomo.

Majita_Juu
Mama yangu, Mungu amrehemu, aliimba "Maraika". Kwetu Majita l na r ni ndugu. Alikuwa anaimba akianika dagaa juu ya mawe, anazitawanya kwa mkono wa kulia na kuendana na wimbo, "Ma-ra-i-ka" na kila silabi konzi moja inamwagika. Leo nikisikia "Malaika" kwenye rekodi naona kama wao ndio wamekosea. Sina mchango wa sarufi, nilitaka tu liwemo kwenye uzi.

Dunga_Kisumu
Limo mkuu, na ni toleo pia. Tuhesabu la sita.

Fundi_Makoroboi
Naingia kwa upande wa vyombo, maana nimetengeneza gramafoni na redio kaseti miaka 30.

Watu wengi wa rika la wazazi wa mleta uzi hawakusikia santuri. Walisikia kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka redio. Utepe ukichakaa, sauti nyembamba za juu ndizo zinazoondoka kwanza, na sauti ya "h" ni pumzi tu, haina nguvu. Ikiisha, mnabaki na "kidege, ukuwaza". Hilo neno halina maana, kwa hiyo sikio linajaza lenyewe. Aliyezoea Kiswahili cha kila siku anajaza "na". Mama hajakosea na hajadanganya. Alisikia kilichokuwa kwenye kaseti yake.

Na jambo la mwendo: redio ya betri nne, betri zikichoka, kaseti inavuta, wimbo unashuka na kuwa mzito. Nimeona watu wakibishana kwamba kuna Malaika mbili za Fadhili, ya haraka na ya polepole, kumbe ni betri.

SanturiZaKale
Fundi, hapo nikuongezee kidogo. Alirekodi zaidi ya mara moja kweli, ya Jambo Boys na ya Equator. Kwa hiyo wanaobisha siyo wote wa betri.

Fundi_Makoroboi
Nakubali. Basi sababu ni mbili. Na santuri nayo: ukiiweka ya 45 kwenye mwendo wa 33, inapungua robo nzima ya kasi, kijana anageuka mzee. Nansio_Kwetu, mzee hana santuri yake?

Nansio_Kwetu
Anayo moja ndogo, iko kwenye sanduku la bati na vyeti vya ubatizo. Gramafoni ipo lakini haijazunguka tangu nikiwa darasa la tatu.

Fundi_Makoroboi
Lete zote. Mpira wake ndio umekufa, siku zote ni mpira.

Igoma_Stendi
Wakati tunasubiri: mtunzi hasa ni nani? Maana nimesikia ni Mtanzania.

Mwl_Sengerema
Hapo ndipo watu wanaanza kurushiana viti. Wako wanaosema ni Adam Salim, Mtanzania, aliyeutunga mwaka 1945 alipokuwa Nairobi, kwa ajili ya msichana ambaye wazazi walimkatalia. Wako wanaomtaja Grant Charo. Wako wa Mombasa wanaomtaja Lucas Tututu. Na Fadhili William mwenyewe alidai ni wake mpaka alipofariki 2001.

Dunga_Kisumu
Ni wa Kenya bwana.

Capri_1980
Ni wa Tanzania.

Mzee_wa_Magu
Ziwa moja, wimbo mmoja. Mwaka 1945 hapakuwa na pasipoti ya kwenda kuimba Nairobi.

Kinanda_Pasiansi
Lakini mtunzi ana uzito kwenye swali la kidege. Kama ni wa pwani, basi "hukuwaza" na "zasumbua" ni lugha ya nyumbani kwake, hiyo -a- ya "zasumbua" na hu- ya mazoea ni mtindo wa mashairi ya pwani. Kama ni wa bara angesema "zinasumbua". Tena "mwenzio" badala ya "mwenzako". Kwangu hayo maneno matatu yanatoka mdomo mmoja, na mdomo huo ungesema "hukuwaza".

Mwl_Sengerema
Ukiandika mashairi wewe wa bara utaandika "zasumbua" pia, tulifundishwa hivyo shuleni. Hainithibitishii pwani.

Capri_1980
Na Jambo Bwana je? Ile nayo si ya Boney M?

SanturiZaKale
Ya Them Mushrooms wa Kenya, 1982. Boney M waliifuata 1983 na maneno wakayabadilisha. Mkuu, Boney M unawapenda kweli.

Capri_1980
Nawapenda, sifichi. Dada yangu alikuwa na redio kubwa ya spika mbili, Jumapili mchana Capri Point nzima inasikia.

Nansio_Kwetu
Wakuu, nimerudi. Nimetoka Makoroboi sasa hivi na nimewaandikia nikiwa bado kwenye daladala.

Fundi alisema kweli, ni mpira. Ulikuwa umegeuka kama lami, akaukwangua kwa kisu kidogo, akakata mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akaupima kwa kuuzungusha kidoleni. Santuri imeliwa lebo na mende, zimebaki herufi "Mala" na tundu la katikati, jina la mwimbaji hakuna. Akaifuta kwa pamba na maji ya sabuni, akifuata mistari, hakukatisha hata mara moja. Akaweka sindano. Mwanzo ni vumbi tupu linalia kama mafuta ya kukaangia sangara. Halafu gitaa.

Tulikuwa watatu: mimi, fundi, na mama anayeuza vitumbua mlango wa pili aliyesikia akaja na kijiko mkononi. Ubeti wa kidege tuliucheza mara tano. Mimi nasikia "hukuwaza" wazi. Mama wa vitumbua anasema "nakuwaza", na amesema bila kusita.

Fundi_Makoroboi
Nilisikia "ukuwaza". Naandika nilichosikia.

Binti_Kirumba
Jamani! Mrekodi kwa simu mtuwekee hapa.

Nansio_Kwetu
Nilirekodi. Lakini simu imechukua vumbi na honi za pikipiki kuliko wimbo. Mzee nilimpigia fundi akiwa anaicheza, nikaweka simu karibu na spika. Alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Nikamuuliza, baba, umesikia neno? Akasema, "Rudisha mwanzo." Neno hakulitaja kabisa.

Mzee_wa_Magu
Mwache.

SanturiZaKale
Kwa lebo hiyo siwezi kukuambia ni toleo gani, lakini niambie: gitaa linaanza peke yake au na ngoma?

Nansio_Kwetu
Peke yake kwanza. Nadhani. Vumbi lilikuwa jingi.

Kinanda_Pasiansi
Basi bendi ifanye hivyo, gitaa peke yake kwanza, mwendo wa kuchezeka kama SanturiZaKale alivyosema. Ufunguo umshushie mwimbaji, wazee wataimba naye na sauti zao haziko juu tena. Na kwa kidege, mwimbaji anyamaze pale, awaachie ukumbi. Kila mtu aimbe lake.

Mwl_Sengerema
Mimi nisingeacha. Ningemwambia aimbe "hukuwaza" na mzee apewe haki yake. Ni yeye aliyeomba wimbo.

Binti_Kirumba
Na mama je? Miaka 50 ni ya wawili. Aliimbiwa yeye, masikio ni yake.

Kinanda_Pasiansi
Ndiyo maana nasema wanyamaze.

Mwl_Sengerema
Bado siridhiki.

Nansio_Kwetu
Nitaongea na vijana wa bendi kesho jioni. Binti_Kirumba, kama una nafasi siku hiyo, nataka uje uimbe ile ya "ungenioa" pia, baada ya chakula. Mama hajawahi kuisikia hivyo na nadhani angependa. Nauli na malazi juu yetu.

Binti_Kirumba
Nakuja. Niandikie tarehe pembeni.

Majita_Juu
Mimi sijaalikwa lakini naomba nije, nitapita Bunda na kuvuka Kisorya kwenda Rugezi. Nina gitaa la kawaida na amplifaya ndogo. Ukumbi una umeme au nilete jenereta?

Nansio_Kwetu
Umealikwa ndugu yangu. Umeme upo, ila lete jenereta.